Rolo za kabichi zenye nyama zinakugomea? Tuanze na dalili alafu tutafute chanzo

Hii nawaandikia mlioshajaribu, maana resipi zipo kibao na zote zinakwambia ni rahisi tu, chemsha kabichi, changanya nyama na mchele, kunja, pika, basi. Alafu unaingia jikoni jani linachanika, rolo zinafunguka zenyewe sufuriani, wali wa ndani bado mbichi huku nyama imeshakauka, na nyumba nzima inanuka kabichi mpaka jirani anajua. Kiukweli matatizo mengi ya hiki chakula hayaanzii kwenye kupika, yanakuwa yameshatokea kabla hata hujainjika sufuria ya mwisho, kwenye jani na kwenye mchele, ndo maana hayo mawili ntakaa nayo sana na mengine tutayapitia haraka haraka.

Tuelewane kwanza kipimo. Naongelea kabichi moja ya kilo moja na nusu mpaka mbili, nyama ya kusaga nusu kilo (watu wa pwani semeni kima), mchele nusu kikombe, kitunguu kikubwa kimoja, chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu. Hapo unapata rolo 10 mpaka 12 zile nene za Kipolandi, wao wanaziita gołąbki. Ukitaka za Kilebanoni, malfuf, zile nyembamba za saizi ya kidole, jani moja unalikata vipande viwili au vitatu na idadi inapanda sana, na hizi ndo wengi wa watu wetu walioko Uarabuni wamezizoea kuliko za Kipolandi.

Jani linachanika wakati wa kulibandua

Angalia kwanza umenunua kabichi gani. Sokoni kwetu kabichi inayosifiwa ni ile ngumu ya duara, imefunga mpaka ukiigonga inaitikia, muuzaji anakwambia hii imejaa dada chukua. Kwa kukatakata na kukaanga ni sawa kabisa, ila kwa rolo hiyo ni shida tupu, majani yamebanana na yamejikunja hivyo kila ukivuta moja linakuja nusu. Chagua ambayo ukiinyanyua unaiona nyepesi kuliko ukubwa wake, iliyobonyea juu kidogo, majani ya nje yameachia. Watu wa Uturuki na Misri wanakopika sana hivi vitu wanapenda kabichi pana za bapa kwa sababu hiyohiyo.

Cha pili ni kubandua kabichi ikiwa mbichi. Usifanye. Geuza kabichi, chukua kisu chembamba uzungushe kwenye kile kigutu cha chini ukitoe kama koni, kina kirefu, usikate juujuu, maana majani yote yameshikilia pale na kigutu kikibaki hata uchemshe vipi jani litachanikia chini. Alafu sufuria kubwa, maji yanayochemka yenye chumvi, dumbukiza kabichi upande wa tundu ukiangalia chini. Dakika mbili tatu utaona jani la nje limelegea linaanza kuachia, lichomoe na koleo au uma na mwiko, subiri tena, la pili, la tatu, unaenda hivyo hivyo kabichi ikiwa ndani ya maji. Kosa la wengi ni kuchemsha kabichi nzima dakika ishirini alafu kuitoa, hapo majani ya nje yameshakuwa uji na ya ndani bado yanalia krach.

Kwa mwenye friza kuna njia nyingine ambayo mimi naona ndo bora hata kuliko kuchemsha: kabichi nzima ndani ya mfuko, friza siku moja au mbili mpaka igande hadi moyoni, alafu itoe uiache kwenye friji iyeyuke taratibu, na kubwa inaweza kuchukua zaidi ya siku. Barafu inapasua vile vijumba vidogo vya ndani ya jani, kwahiyo ikiyeyuka jani linakuwa laini linalala lenyewe na halijapikwa bado. Litatoa maji mengi, likamue kwa kiganja au ulikaushe na taulo. Rangi inapauka kidogo, usishtuke.

Jani limetoka zima ila halikunjiki, linavunjika katikati

Huo ni uti. Laza jani ule uti mnene ukiwa juu, kisu ukilaze kabisa sambamba na jani, uparue uti mpaka ulingane unene na jani lenyewe. Usiukate wote ukatoboa. Kwa yale majani makubwa ya nje ambayo uti wake ni kama fimbo, kata herufi V pale chini uutoe, alafu wakati wa kukunja unapandisha ncha mbili zipishane. Kama umeparua na bado linavunjika basi halijaiva vya kutosha, lirudishe kwenye maji ya moto dakika moja, jani lililo tayari ukilikunja juu ya kidole linalala halirudi.

Vile vipande vya uti usitupe, utavihitaji chini ya sufuria, ntafika.

Rolo zinafunguka au zinapasuka sufuriani

Hapa kuna vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya. Iliyofunguka ilikunjwa kwa kulegea au ilipangwa ovyo. Iliyopasuka ilikunjwa kwa kubana mno na ndani kuna mchele mbichi, maana mchele ukiiva unakuwa kama mara tatu ya ulivyokuwa, sasa kama hukuuachia nafasi utaitafuta wenyewe kwa kupasua jani. Mchele mbichi = kunja kwa kuachia kidogo na usijaze, kijiko kikubwa kimoja na nusu au viwili kwa jani la kiganja. Mchele ulioiva au nusu = unaweza kubana.

Kukunja: mchanganyiko uweke karibu na upande wa uti, funika mara moja, ingiza pembeni kushoto na kulia, alafu endelea kuviringisha. Kwenye sufuria ule mwisho wa jani uangalie chini, na zipangwe zikigusana kabisa, sufuria yenye nafasi ni adui, kama rolo ni chache tumia sufuria ndogo. Alafu juu yake laza sahani ya kauri iliyopinduliwa ndo ufunike na mfuniko, hii ni kawaida kabisa kwa Walebanoni na Wapalestina na inafanya kazi kuliko vijiti vya meno ambavyo mtu atakuja kujichoma navyo mezani. Na moto uwe mdogo! Mchuzi utokote kwa mbali, kiputo kimoja kimoja, ukiuacha uchemke kwa fujo zile rolo zinacheza ngoma humo ndani na hakuna jani litakalovumilia.

Wali wa ndani mbichi, saa nzima imepita

Hili ndo linawachanganya watu, kwa sababu mtu anaongeza muda, anaongeza muda, kabichi inachoka, nyama inakauka, na mchele bado una kiini. Mara nyingi sio muda. Ni nyanya.

Vitu vyenye uchachu, yaani nyanya, siki, ndimu, vinachelewesha sana mchele na mboga kulainika. Kile kinachoshikilia kuta za jani kinakuwa imara zaidi kwenye uchachu wa kiasi cha ule wa nyanya, kwahiyo ukimwaga sosi nzito ya nyanya ya kopo tangu mwanzo umeliambia jani na mchele vibaki hivyo hivyo. Ongezea kwamba sosi nzito haiingii ndani ya rolo, mchele unahitaji maji ya kunywa na hayapo.

Ufanyeje? Ukitaka kupika ndani ya nyanya toka mwanzo, mchele uchemshe kwanza dakika 5 au 6, uchuje, upoe, ndo uchanganye na nyama. Wapolandi wengi wanatumia kabisa wali ulioiva. Ukitaka mchele mbichi kama Waarabu, uoshe, uloweke dakika 20 hivi, na upikie kwenye supu nyepesi ya mifupa au maji yenye chumvi yaliyofika usawa wa rolo za juu, ndimu na nyanya zinakuja mwishoni dakika kumi na tano za mwisho. Walebanoni wanaweka mbavu au mifupa ya kondoo chini ya sufuria, supu inajitengeneza yenyewe, na kitunguu saumu kizima kizima kati ya rolo, na nanaa kavu ikisagwa na kitunguu saumu na ndimu inamwagiwa mwishoni, hapo ndo harufu ya malfuf inapotokea.

Kinyume chake, ndani pamekuwa bokoboko: ulitumia wali ulioiva kabisa alafu ukapika saa moja na nusu, au umeweka mchele mwingi. Nusu kikombe kwa nusu kilo ya nyama inatosha, kikombe kizima ushaanza kula wali uliovaa kabichi. Na mchele wa kunukia mrefu sio lazima, huu wa kawaida unaoshikana kidogo ndo mzuri hapa, nje huko wanatumia wa punje fupi makusudi.

Jani limebaki gumu, linavutika mdomoni

Kama hukutia nyanya mapema, basi sababu zilizobaki ni tatu: jani halikuiva kwenye ile hatua ya kwanza, muda haujatosha (jikoni kwenye moto mdogo hesabu dakika 45 mpaka saa nzima, oveni nyuzi 180 ukiwa umefunika vizuri ni saa na robo mpaka saa na nusu), au maji yako ni ya kisima yenye chokaa. Yale maji ambayo hata maharage yanayagomea, na kabichi inayagomea pia. Tumia ya mvua au ya chupa kwa ile sufuria moja, basi.

Sasa najua kuna mtu atasema tia magadi kidogo. Hapana jamani. Magadi yatalainisha kweli, tena haraka, lakini jani la kabichi ni jembamba sio makande, litageuka utelezi kabla nyama haijaiva na litabaki na ile ladha ya sabuni. Achana nayo.

Presha kuka inasaidia, dakika 15 mpaka 20 hivi toka ianze kupiga na uiache ishuke yenyewe bila kuitoa mvuke kwa nguvu, ukiifungua kwa haraka mchuzi unafurumka na rolo zinapasuka.

Nyama ndani imekuwa kavu, kigololi

Hili linaanzia bucha. Ukimwambia akusagie steki tupu isiyo na mafuta umelipia hela nyingi kununua ukavu. Kwenye nusu kilo ziwepo gramu 80 mpaka 100 za mafuta. Poland na Romania wanachanganya nyama ya nguruwe kwa ajili hiyo hiyo, sisi ambao hatuli tuna nundu, mwambie muuza bucha akutilie kipande cha nundu kwenye kusaga, utakuja kunishukuru, au kidari. Huna mafuta kabisa? Kaanga kitunguu kwa mafuta ya kutosha, mimina vyote ndani na mafuta yake, pamoja na vijiko vitatu vinne vya maji au supu.

Alafu usikande kama unga wa chapati. Ukikanda sana na chumvi ikiwa imeshaingia, nyama inashikamana inakuwa inaruka kama soseji. Changanya kwa vidole mpaka vimesambaa, acha.

Nyama imeiva ila ndani bado ina upinki

Watu wanatupa chakula kwa hili na wengine wanakula nyama mbichi kwa hili, kwahiyo rangi usiiamini upande wowote. Mboga kama kabichi na kitunguu zina naitreti za asili ambazo zinaweza kuibakiza nyama ya kusaga na upinki hata ikiwa imeiva kabisa, na kinyume chake pia kipo, nyama inakuwa kahawia kabla haijafika joto salama. Kipimajoto cha nyama ndo jibu, chomeka katikati ya rolo nene kuliko zote, ng'ombe, mbuzi au kondoo wa kusaga ifike nyuzi 71, kuku wa kusaga 74. Kama huna kipimajoto, pika muda wote nilioutaja hapo juu na ukate ile nene ya katikati ya sufuria uone mvuke unatoka mpaka ndani na mchele umeiva sawasawa, kama mchele una kiini rudisha jikoni.

Na nyama ya kusaga ambayo imekaa nje toka asubuhi kwenye joto letu hili hairekebishiki kwa kupika sana, hiyo usianze nayo.

Nyumba inanuka

Kabichi ina vitu vya salfa, ikipikwa muda mrefu hasa kwenye maji mengi vinazidi kutoka. Ile hatua ya kuchomoa jani dakika mbili mbili inapunguza sana ukilinganisha na kuchemsha kabichi nzima. Yale maji ya kuchemshia kwanza mwaga, usiyafanye mchuzi. Njia ya friza karibu haina harufu kabisa mpaka ile saa ya kupika. Fungua dirisha, ndo hivyo.

Imeungua chini / mchuzi maji maji

Chini ya sufuria tandika yale majani yaliyochanika, vile vipande vya uti na majani magumu ya nje, ndo kazi yake. Hata yakishika, rolo zimepona. Kwa jiko la mkaa ni lazima kabisa, na makaa yakishakolea punguza, mengine panga juu ya mfuniko, unapata oveni yako pale pale.

Mchuzi maji maji unatokana na kabichi yenyewe, inatoa maji mengi kuliko unavyodhani, hasa iliyotoka friza. Usiweke unga. Zitoe rolo kwa kijiko kipana, mchuzi peke yake uchemke kwa kasi bila mfuniko dakika kumi, hapo ndo unaongeza nyanya ya kopo na kipande cha siagi, alafu urudishie. Kuna wanaoweka tui la nazi badala ya krimu ya wazungu, inakubali vizuri ila litie mwisho na moto mdogo lisikatike.

Hazina ladha, chakula cha hospitali

Kabichi na mchele vyote vinakula chumvi, kwahiyo mchanganyiko uliokolea vizuri ukiwa peke yake utapooza ukiwa ndani ya jani. Kabla hujakunja hata moja chukua kijiko kimoja cha mchanganyiko (wenye wali ulioiva) ukaange kwenye kikaango, onja. Kama mchele ni mbichi kaanga nyama kidogo uliyoitenga kabla ya kuutia. Iwe na chumvi ya kuzidi kidogo. Resipi nyingi za Ulaya zina pilipili manga na basi, hakuna aliyekukataza jira, mdalasini kidogo, giligilani, pilipili mbuzi.

Nyingine ni kuzikaanga kabla ya kuzitia mchuzi. Waswidi wana zao zinaitwa kåldolmar, inasemekana ziliingia baada ya mfalme wao Karl XII kukaa miaka kadhaa kwenye dola ya Waturuki alipopigwa na Warusi Poltava mwaka 1709, na mpaka leo wanazitengea siku yake tarehe 30 Novemba. Wao wanazipaka siagi na sirapu wanazipitisha motoni mpaka zipate rangi ya kahawia. Jaribu hata bila sirapu, weka ule upande wa mwisho wa jani chini kwenye mafuta ya moto kwanza, unajigandisha wenyewe na ladha inabadilika kabisa.

Umetumia kabichi iliyochachushwa na imekuwa chumvi tupu

Hii ni ya waliopo Ulaya, Romania na nchi za Balkani sarmale (ndo rolo zao hizi) wanapikia jani la kabichi iliyokaa kwenye maji ya chumvi ikachacha. Onja jani kabla. Likiwa kali loweka maji baridi nusu saa mpaka saa, badilisha maji, na nyama yako usiitie chumvi karibu kabisa. Na usilitegemee liive kwa saa moja, ni chachu lile, kumbuka nilichosema kuhusu uchachu, masaa mawili mpaka matatu moto mdogo.

Kabichi hazipatikani nzuri kabisa

Sukuma wiki ya majani mapana inafanya kazi, tena sio kubahatisha, watu wa pwani ya Bahari Nyeusi kule Uturuki wanakunja kwa jani la jamii hiyo hiyo. Chovya maji ya moto dakika moja na nusu, toa uti, kunja nyembamba. Ile kabichi ndefu ya kichina pia, jani lake halihitaji hata dakika mbili, ila shina lake la chini jeupe lina maji mno, likate.

Zimebaki

Zikishapoa kidogo ziingie friji ndani ya masaa mawili, wali na nyama pamoja sio vitu vya kuacha juu ya jiko usiku kucha. Zinakaa siku tatu nne, na kesho yake zinakuwa tamu zaidi maana mchuzi umeingia. Pasha na maji kidogo na mfuniko mpaka mvuke utoke katikati. Friza inakubali zilizoiva zikiwa na mchuzi wake, mbichi pia inakubali kama nyama haikuwa imeganda tayari ukaiyeyusha nje. Na yale majani madogo ya moyo wa kabichi ambayo hayakunjiki hata ufanyeje, yakatekate membamba, kaanga na kitunguu na karoti, tandika katikati ya tabaka la kwanza na la pili la rolo, yatakunywa ule mchuzi wote na kuna watu mezani wataacha rolo wagombanie hayo.